Ufundishaji wa Aina za Misuli: Tuanze na Kazi, Majina Yafuate

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu mmoja katika shule ya msingi iliyo mwendo wa nusu saa kutoka chuoni. Somo lake lilikuwa misuli ya mwili. Andalio lake lilikuwa safi, ubao ulipangwa vizuri, na katikati ya ubao palikuwa na jedwali lenye safu tatu: misuli ya mifupa, misuli laini, na misuli ya moyo. Chini ya safu ya pili aliandika kwa chaki nyekundu kwamba misuli laini haitii amri ya mtu, na miongoni mwa mifano yake akataja kuta za njia za hewa zilizomo kifuani. Watoto wakasoma kwa sauti mara tatu. Tulimpa alama nzuri.

Kabla ya saa sita mchana watoto walikuwa uwanjani, na mmoja wa darasa lile lile akabanwa na pumu. Mwanachuo wetu alimkimbilia kwa upendo wote, akamshika mabega, akamwambia, "Jikaze, mwanangu, jikaze. Pumua taratibu." Mtoto alijikaza kadiri alivyoweza, na mlio wa kifua chake ulisikika mpaka pale tulipoketi chini ya mwembe. Bahati njema, mwalimu mwenyeji alijua kwamba mtoto huyo ana dawa yake ya kuvuta kwa mdomo ndani ya mkoba. Ikaletwa, akavuta, na baada ya dakika chache kifua kikaanza kufunguka.

Hatusimulii kisa hiki ili kumlaumu kijana wa watu. Jedwali lile alilipata kwetu, tena katika daftari lake lilikuwa limenakiliwa neno kwa neno kutoka ubao wetu. Saa mbili tu kabla ya hapo alikuwa amefundisha kwamba misuli ya njia za hewa haiwezi kuamrishwa, kisha akamwamuru mtoto aiamrishe. Na neno alilolichagua lilikuwa baya kupita yote, kwa maana katika pumu msuli ule umekwisha kujikaza. Hilo ndilo gonjwa lenyewe, pamoja na uvimbe na makohozi yanayozidi kuibana njia. Kinachotakiwa ni msuli kulegea, na dawa kama salbutamoli hufanya kazi hiyo hasa. Maneno ya upole humpunguzia mtoto hofu, nayo ni mema, lakini hayafiki kwenye msuli ule.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza ni kitu gani tunachofundisha tunapofundisha "aina tatu za misuli". Rai yetu katika makala haya ni kwamba tumekuwa tukifundisha majina, na kwamba majina yenyewe, yakisikika na sikio la Mswahili, yanapotosha. Yafaa somo lianze na kazi ambayo msuli unaifanya katika mnyama ambaye mwanafunzi amemwona akichinjwa, akapikwa, na akaliwa. Majina yafuate baadaye, yakiwa ni muhtasari wa yale aliyokwisha kuyaona.

Tuyatazame kwanza majina hayo. Neno "msuli" lenyewe lina mashaka. Mtoto wa pwani akilisikia hufikiri kwanza ile nguo ambayo babu yake hujifunga kiunoni, na mtoto wa bara hufikiri mkono wa mbeba magunia. Ni wachache sana wanaofikiri nyama. Tumewahi kuuliza darasa zima la wanachuo wa mwaka wa kwanza kama wamepata kula msuli, wakacheka. Tulipouliza kama wamepata kula mnofu, mikono yote ikapanda juu. Basi mnofu ule ndio msuli wenyewe, na karibu asilimia 40 ya uzito wa mwili wa mtu ni mnofu wa aina hiyo ulioshikamana na mifupa. Aidha, watu wengi huchanganya misuli na mishipa, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku neno "mshipa" hubeba njia za damu, neva, kano, na hata maradhi ambayo si ya mshipa. Mwalimu asiyelisafisha jambo hili mwanzoni atafundisha juu ya mchanga.

Sasa neno "laini". Kwetu laini ni kitambaa cha hariri, ni ugali uliosongwa ukaiva, ni nyama ya ndama. Mwanafunzi akiambiwa "msuli laini" huchukua kwamba ni msuli mwororo, usio na nguvu. Ama kwa hakika jina hilo halikutokana na kugusa. Lilitokana na kutazama kwa hadubini. Msuli wa mifupa na ule wa moyo huonekana una milia iliyopishana, ya giza na ya mwanga, kama mkeka wa rangi mbili. Huu wa tatu hauna milia, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Njia nyepesi ya kuuondoa upotovu huu ni firigisi ya kuku. Firigisi ni msuli laini karibu yote, na kila aliyewahi kuitafuna anajua kwamba katika kuku mzima hakuna mnofu mgumu kuishinda. Haikosi sababu: kuku hana meno, naye humeza mahindi na mtama pamoja na vijiwe, kisha firigisi ikavisaga kutwa kucha. Mwanafunzi aliyetafuna firigisi akaambiwa kwamba ni msuli laini hatadanganyika tena na jina.

Neno "hiari" limetutesa zaidi, maana vitabu vingi na sisi wenyewe tumelifanya kuwa ndilo mpaka mkuu: huu ni wa hiari, ule si wa hiari. Mpaka huo una ukweli ndani yake, lakini si ukuta. Huku kwetu nyanda za juu, asubuhi za mwezi wa Julai, wanachuo hutoka bwenini wakitetemeka, na mikono yao imejaa vipele vya baridi huku malaika wamesimama. Kutetemeka kule ni kazi ya misuli ya mifupa, ile tuliyoiita ya hiari, na hakuna aliyeiamuru. Mwili unaitumia kuzalisha joto. Kusimama kwa malaika ni kazi ya misuli laini midogo iliyoshika shina la kila unywele. Baridi ni moja, misuli ni ya aina mbili, na hiari haimo katika yote miwili. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo nacho ni msuli wenye milia, wa aina ile ile ya paja. Twaweza kuuzuia kwa muda tukipenda, lakini usiku kucha hufanya kazi tukiwa usingizini. Umio la binadamu linaanza juu kwa msuli wenye milia na kuishia chini kwa msuli laini, wala mlaji hasikii mpaka ulipo. Na umio la ng'ombe lina msuli wenye milia tangu koo mpaka tumboni. Kwa msuli huo ndipo tonge hurudi juu upesi anapocheua. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri kwamba "tumbo na njia ya chakula ni misuli laini" atakosea kwa ng'ombe wa nyumbani kwao.

Lakini upotovu uliotufungua macho kuliko yote ulitokea katika neno "moyo". Katika mtihani mmoja wa ndani tuliuliza kama moyo ni msuli wa hiari au la, na sababu zitolewe. Mwanachuo mmoja, tena mwerevu, akajibu kwamba moyo ni msuli wa hiari kwa sababu mtu hutenda jambo kwa hiari ya moyo wake. Tulimkata alama, kisha tukaketi tukatafakari. Kijana huyu hakuwa mvivu. Alifikiri kwa lugha yake. Katika Kiswahili moyo hupenda, huamua, husita, hukata tamaa. Mtu hujitolea kwa moyo, na asiyetaka husema moyo wake haukubali. Tulipomwambia kwamba moyo si wa hiari, tulimtaka atupe lugha nzima ya mama yake, wala hatukumpa kitu cha kushika badala yake.

Kitu hicho kipo. Moyo wa chura ukitolewa na kuwekwa katika maji ya chumvi yaliyopimwa sawasawa, huendelea kupiga. Sydney Ringer, tabibu wa London, alishughulika na jambo hili katika miaka ya 1880. Majaribio yake ya mwanzo yalikwenda vizuri, kisha akagundua kwamba maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa, moyo ulidhoofika na kusimama. Katika maji ya bomba mlikuwamo kalsiamu, nayo, kama alivyoonyesha mwaka 1883, haiwezi kukosekana ili moyo ujikunje. Na kwa binadamu, mwaka 1967, Christiaan Barnard na wenzake huko Cape Town walimwekea Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Moyo ule ulikatwa kutoka neva zake zote, hata hivyo ukapiga katika kifua kigeni kwa siku 18, hadi mgonjwa alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu. Moyo una seli zake zenyewe zinazoanzisha pigo. Neva huuharakisha au huupunguza mwendo, lakini haziupi ruhusa ya kupiga. Tangu tulianze somo kwa visa hivi viwili, hatujapata tena jibu la "hiari ya moyo", ijapokuwa mwanachuo mmoja aliuliza kama Washkansky aliendelea kumpenda mkewe kwa moyo wa yule mwingine. Swali hilo tulilipeleka kwa mkufunzi wa fasihi.

Baada ya majina, tuje kwenye utendaji wenyewe. Hapa nako tumekuwa wazembe. Tunasema "msuli hujikunja na kukunjuka" tukaridhika, kana kwamba ni mpira wa kamba. Kwa miaka mingi hata wataalamu walidhani kwamba ndani ya msuli kuna uzi unaojikunja wenyewe ukawa mfupi. Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, makundi mawili ya watafiti yalitoa jibu lile lile: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine. Hao wawili wenye jina la Huxley hawakuwa ndugu. Walionyesha kwamba nyuzi hazifupiki. Kuna nyuzi nene, za miosini, na nyembamba, za aktini, zimepangwa kwa kupishana, na msuli unapojikunja nyuzi hizo hupenyana zaidi. Mwalimu hahitaji hata chaki kulieleza hili. Na aingize vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mkono mwingine, kisha asogeze viganja vikaribiane: vidole ni virefu vile vile, lakini umbali umepungua.

Na kinachozivuta nyuzi ni nini? Hapo sisi tumepata mfano kisimani. Mama anayeteka maji kwa ndoo na kamba havuti kamba yote kwa mkupuo. Mkono mmoja unashika na kuvuta, unaachia, unakwenda mbele kushika tena, na wakati huo mwingine umeshikilia ili ndoo isirudi. Nyuzi za miosini zina vichwa vingi vidogo, na kila kichwa ni mkono wa namna hiyo juu ya kamba ya aktini. Kalsiamu ndiyo inayofungua mahali pa kushika. Nguvu hutoka katika kemikali iitwayo ATP, ambayo seli huitengeneza kutokana na chakula. Sasa lipo jambo ambalo wanafunzi karibu wote hulikosa, na wakufunzi wengi pia: ATP inahitajika ili mkono uachie, si ili uvute tu. ATP ikiisha, mikono yote hubaki imeshika.

Mwanafunzi ameliona jambo hili mara nyingi bila kulijua. Mbuzi akichinjwa na kuchunwa, mnofu wake hurukaruka juu ya majani. Watoto huogopa wakidhani bado yu hai. Seli za msuli bado zina akiba yake ya ATP na bado zinaitikia zikiguswa na kisu. Baada ya saa kadhaa, mzoga hukakamaa ukawa kama ubao. Akiba imekwisha, mikono imeshika kamba na haiwezi kuachia. Nyama hulainika tena baadaye, pale kemikali za ndani ya seli zenyewe zinapoanza kuzivunjavunja nyuzi. Mchinjaji wa kijijini anayajua haya yote kwa mpangilio wake na kwa saa zake. Amekosa maelezo tu. Mwalimu wetu anayo maelezo katika daftari, na hajui yanaeleza nini. Laiti wawili hawa wangekutana darasani!

Misuli ya mifupa ndiyo yenye utaratibu mkali kuliko yote: seli zake ni nyuzi ndefu, nyingine za sentimita kadhaa, kila moja ina viini vingi, na vipande vyake vya kupenyana vina urefu wa mikroni 2 hadi 3 tu, vimepangwa mstari mmoja baada ya mwingine. Hufanya kazi upesi na huchoka upesi. Lakini si yote ni sawa. Paja la kuku ni jekundu na kidari chake ni cheupe, maana kuku hutembea kutwa na kuruka mara moja tu anapokimbizwa. Wekundu ule si damu iliyobaki; ni mioglobini, inayotunza hewa ya oksijeni ndani ya msuli kwa kazi ya muda mrefu. Linganisha na njiwa, anayeruka mbali: kidari chake ni chekundu iliyokoza. Wenzetu wa vyuo vya pwani, ambako kuku ni ghali kuliko samaki, watumie jodari. Mnofu mwekundu uliolala ubavuni mwake ndio unaomwogelesha safari ndefu. Mwanadamu anazo nyuzi za namna zote mbili ndani ya msuli mmoja, na uwiano wake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mjini Nairobi mwaka 2021, na marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Wote ni Wakenya, wote walifunzwa wakafunzika, lakini kazi walizoitaka misuli yao ni mbili zisizofanana, na wavulana wa darasa la saba hulielewa hilo kabla hatujamaliza sentensi.

Msuli wa moyo una milia kama ule wa paja, lakini seli zake ni fupi, zina matawi, na zimeunganishwa mwisho kwa mwisho kiasi kwamba pigo lililoanza mahali pamoja huenea kote kama habari katika mtaa. Hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Baada ya kila pigo kuna kitambo ambacho seli haikubali kuchochewa tena, hivyo moyo haushikwi na mkazo wa moja kwa moja kama ule wa mguu wa mwogeleaji au wa taya la mgonjwa wa pepopunda. Uumbaji huo ni wa lazima, kwa kuwa moyo uliokazana bila kulegea hauna nafasi ya kujaa damu.

Misuli laini nayo ina seli zilizochongoka ncha mbili kama pia ya kusokotea uzi, kila moja na kiini kimoja. Nyuzi zake hazikupangwa mistari; zimesambaa na kushikizwa huku na huku, hata seli ikijikunja hufanana na mfuko unaokazwa kwa kamba zake. Ni ya polepole, lakini hushikilia kwa muda mrefu kwa gharama ndogo mno ya nguvu. Hapa ndipo tungependa wakufunzi wenzetu wakae zaidi, kwa kuwa hapa ndipo pana uhai na mauti ya watu tunaowafundisha. Kuta za ateri ni msuli laini, na shinikizo la damu linategemea jinsi unavyokaza au kulegea. Kibofu, matumbo, mboni ya jicho, njia za hewa, yote yamo. Juu ya yote upo mji wa mimba. Mtoto akishazaliwa na kondo la nyuma likatoka, mishipa ya damu iliyokuwa wazi mahali pale haifungwi na uzi wala dawa ya kupaka. Inafungwa na msuli wenyewe, ambao nyuzi zake zimepita huku na huku kati ya mishipa hiyo, ukijikunja na kuibana. Msuli ukishindwa kujikunja, mama hutokwa na damu nyingi, na hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi hata leo. Ndiyo maana mkunga hulisugua tumbo, huchoma sindano ya oksitosini, na humweka mtoto titini mapema, maana kunyonya kwake humfanya mama atoe oksitosini yake mwenyewe. Msichana wa darasa la saba anayeambiwa kwamba misuli laini "hupatikana katika viungo vya ndani" hajaambiwa kitu. Huyu ndiye atakayekuwa mzazi, au mwenye kumshika mzazi mkono usiku gari lisipofika.

Tulivyofanya muhula uliopita ni hivi. Tulimwomba mpishi wa chuo kuku mmoja kutoka banda letu, achinjwe kwa utaratibu wake wa kawaida ili kila mwanachuo aweze kumla baadaye bila kinyongo. Darasa lilikuwa na wanachuo 46. Tulianza na mguu uliokatwa chini ya goti. Karibu wote waliwahi kuucheza utotoni: ukivuta kano nyeupe ya nyuma, vidole hukunja, ukivuta ya mbele, hukunjuka. Tukawauliza, nani aliyekuwa akivuta kabla mguu haujakatwa? Kimya kikapita, kisha binti mmoja akashika paja la kuku lililokuwa mezani akasema, "Ni hii nyama." Mkono wake ulikuwa umechukua mahali pa msuli. Na kwa kuwa kulikuwa na kano mbili, wakatambua wenyewe kwamba msuli huvuta tu wala hausukumi, hivyo lazima uwe na mwenziwe wa upande wa pili.

Baadaye tulichambua kwa sindano kipande cha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, nyuzi zikaachana kama katani. Tulijaribu hivyo hivyo kwa moyo wa mbuzi, nao ukakataa kuachana, kwa kuwa nyuzi zake zimezunguka na kushikana. Tukaukata na kulinganisha ukuta mnene wa kushoto, unaosukuma damu mwili mzima, na ule mwembamba wa kulia unaoipeleka mapafuni tu. Firigisi ilikuwa ya mwisho. Ilipita mkono kwa mkono. Ndipo tu tulipoandika majina matatu ubaoni, nayo yakachukua dakika tano.

Wapo wenzetu waliotupinga, na hoja zao si za kubezwa. Mmoja alisema kuku ni fedha. Ni kweli, lakini kuku yule hakupotea. Vipande vyote vilishikwa kwa mikono iliyonawa, vikarudi jikoni vikachemshwa. Shule isiyo na kuku inaweza kwenda buchani na kununua robo ya moyo na robo ya steki, au kumwomba mzazi miguu ya kuku ambayo vinginevyo angewatupia mbwa. Mwingine alisema vipindi havitoshi. Sisi tulitumia vipindi viwili, ambavyo ndivyo vilivyotumika zamani kunakili na kusoma kwa sauti. Hoja ya tatu ndiyo nzito: mtihani huuliza "Taja aina tatu za misuli", na mwanafunzi anayejua kutaja hupata alama zote, ajue asijue firigisi ni nini. Hatuna mamlaka juu ya mtihani wa taifa. Tunayo mamlaka juu ya mitihani yetu ya ndani, na ni aibu yetu kwamba kwa miaka mingi tuliitunga kwa kuiga ile mingine.

Zipo pia kasoro katika njia yetu wenyewe. Milia ya msuli haionekani kwa macho, na hadubini tuliyo nayo chuoni ni moja, tena kioo chake kimoja kimeingia ukungu. Tulilazimika kutumia picha. Wanachuo wawili hawakutaka kugusa nyama mbichi, tukawaachia kazi ya kuchora. Na somo la nyuzi na kalsiamu lilikuwa gumu kwa nusu ya darasa hata baada ya mfano wa kisima, hasa kwa wale waliokulia mijini ambao hawajapata kuteka maji kwa kamba. Kwa hao tulitoka nje tukavuta kamba, kundi kwa kundi, jambo lililowafurahisha kupita tulivyokusudia.

Katika jaribio la mwisho wa muhula tuliliondoa swali la kutaja. Badala yake tuliweka maswali matatu. Kwa nini nyama ya mbuzi hurukaruka ikiwa mbichi na hukakamaa jioni? Kwa nini firigisi ni ngumu ilhali inaitwa msuli laini? Mtoto amebanwa na pumu uwanjani. Mwalimu amwambie nini, afanye nini, na kwa sababu gani? Yule mwanachuo tuliyemkagua mwaka jana yuko sasa katika mwaka wake wa mwisho. Katika swali la tatu aliandika ukurasa mzima na nusu, na mstari wake wa kwanza ulikuwa: "Asimwambie ajikaze."